Kupigwa, kufurikwa, kupasuka: uso wa Mwezi ukitazamwa kutoka Kalemie

Kalemie imekaa ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mwezi mpevu hauchomozi nyuma ya kilima wala nyuma ya paa la jirani. Unatoka upande wa ziwa, juu ya Tanzania, wakati jua linazama nyuma ya mji. Wavuvi wa ndakala hawaufurahii. Samaki wale huvutwa na taa, na taa ya mtumbwi haina nguvu usiku ambao ziwa zima lina mwanga. Ndiyo maana siku za mbalamwezi kamili wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mji unaopanga kazi hivyo unaujua mwanga wa Mwezi kuliko miji mingi. Uso wake, yaani yale madoa meusi, yale mashimo na ile michirizi myeupe, hauzungumzwi sana, ingawa swali la nini kiliufanya hivyo liliwagawa wanasayansi kwa karibu miaka 300.

Jibu lililopatikana lina sehemu tatu. Mwezi ulipigwa, kisha ukafurikwa na zaha, na mahali pengine ukapasuka. Kwa msomaji wa mashariki na kusini mwa Kongo jambo hili si la mbali, kwa sababu kila kazi kati ya hizo tatu ina alama yake kwenye ardhi ya nchi hii: kreta ya Luizi huko Katanga, volkano ya Nyiragongo huko Goma, na ziwa lenyewe. Tofauti iko katika uzito. Mwezini kupigwa ndiko kulikotawala na kupasuka ni jambo dogo. Kwetu ni kinyume kabisa: mpasuko umetupa ziwa lenye urefu wa km 670, ilhali mapigo yametuachia kreta moja tu iliyothibitishwa.

Kwanza suala la namna ya kutazama, maana ramani nyingi za Mwezi zimechorwa na watu wa kaskazini na huweka kaskazini ya Mwezi juu. Kalemie iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Huku Mwezi hupanda ukiwa umelala ubavu. Unapochomoza ziwani, doa dogo la duara lililojitenga, Mare Crisium, huwa juu. Uwanda mkubwa mweusi wa Oceanus Procellarum huwa chini, kaskazini ya Mwezi iko mkono wa kushoto, na kreta ya Tycho pamoja na michirizi yake myeupe iko mkono wa kulia. Usiku ukiisha na Mwezi ukielekea kutua nyuma ya mji, kila kitu kimegeuka: Crisium chini, Tycho kushoto. Anayeshika ramani ya kitabuni bila kuizungusha ataona kama imekosewa.

Jambo la pili ni kwamba mwezi mpevu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kutafuta mashimo. Jua huwa linaupiga uso ule moja kwa moja na vivuli hupotea. Tazama siku ya saba au ya nane baada ya mwezi kuandama, nusu ikiwa na mwanga. Kwenye mpaka wa mwanga na giza jua la huko ndiyo kwanza linachomoza, na ukingo wa kila kreta hutupa kivuli kirefu. Darubini ndogo ya mkononi inatosha kuona makumi ya kreta. Galileo Galilei alifanya hivyo mwaka 1609 kwa chombo dhaifu kuliko nyingi zinazouzwa madukani leo. Aliona vilele vikiwaka ndani ya upande wa giza kabla jua halijafika chini, akakadiria urefu wa milima kwa umbali kati ya vilele hivyo na mpaka wa mwanga. Hapo ndipo imani ya kale kwamba vya mbinguni ni laini, havina doa wala kovu, ilipoanza kuporomoka.

Madoa meusi yaliitwa bahari. Jina hilo limebaki kwenye ramani hata baada ya kila mtu kujua kwamba hakuna tone la maji ndani yake. Mwaka 1651 padri Mjesuiti Giovanni Battista Riccioli, kwa ramani iliyochorwa na mwenzake Francesco Maria Grimaldi, alizipa majina ya hali ya hewa na ya nafsi: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Mvua, Bahari ya Mawingu. Kreta akazipa majina ya wanazuoni. Mtindo huo unaendelea mpaka leo chini ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na orodha yake ina mambo ya kuchekesha. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuandika habari za watu wa huko, amepewa kreta ndogo ya km 12 hivi. Vasco da Gama, aliyepita pwani ileile baadaye na mizinga, amepewa iliyo kubwa mara kadhaa. Ningekuwa na kura kwenye umoja huo, ningebadilisha.

Bahari hizo ni nyanda za zaha iliyoganda. Mtu wa Goma hahitaji maelezo marefu hapa. Januari 2002, na tena Mei 2021, Nyiragongo ilimwaga zaha nyepesi iliyokimbia mteremkoni na kuacha mwamba mweusi mahali palipokuwa na mitaa. Miamba ya bahari za Mwezi si ya aina moja kabisa na ile ya Nyiragongo, lakini ni ya jamaa hiyo: mizito, myeusi, yenye chuma kingi, na ilipokuwa moto ilitiririka kirahisi mno. Mwezini haikuhitaji mlima wa kutokea. Ilipanda kwenye nyufa ndefu ikajaza mabonde makubwa yaliyokuwepo tayari, safu juu ya safu. Kipindi kikuu cha kazi hiyo kilikuwa kati ya miaka bilioni 3.8 na bilioni 3.1 iliyopita. Sampuli zilizoletwa na chombo cha China cha Chang'e 5 Desemba 2020 zilionyesha kwamba mahali pengine zaha ilikuwa ingali inatoka miaka bilioni 2 iliyopita.

Kuna fumbo hapa ambalo halijafungwa. Bahari hizi zimefunika karibu asilimia 17 ya Mwezi wote, na karibu zote ziko upande unaotutazama. Upande wa pili haukuwahi kuonekana na binadamu mpaka chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipoupiga picha Oktoba 1959, na picha zile hafifu zilionyesha nchi ya kreta tupu yenye mabaka machache tu meusi. Ganda la Mwezi ni nene zaidi upande ule, na madini yenye mnururisho, ambayo hutoa joto, yamekusanyika zaidi upande wetu. Hayo yanaeleza kwa nini zaha ilipata njia huku na si kule. Hayaelezi kwa nini Mwezi uligawanyika hivyo tangu mwanzo, na nadharia zinazogombania swali hilo ni nyingi kuliko ushahidi.

Kreta ndizo zilizoleta ugomvi mkubwa. Kwa muda mrefu wasomi wengi waliamini kwamba ni vinywa vya volkano. Hawakuwa wapumbavu. Mtu akiomba katika Afrika Mashariki aonyeshwe kreta, atapelekwa Ngorongoro: duara la km 19 au 20, kina cha m 600, na sakafu tambarare. Ngorongoro ni mlima wa volkano uliobomoka na kuzama ndani baada ya chumba cha mwamba moto chini yake kuwa kitupu, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Hakuna kilichoanguka kutoka angani. Ukiitazama kutoka juu, kisha ukatazama kreta ya Mwezi yenye ukubwa huohuo, utaelewa kwa nini waliona kitu kimoja.

Kulikuwa na hoja nyingine iliyoonekana kuwa nzito zaidi. Kreta za Mwezi karibu zote ni duara. Ukirusha jiwe topeni kwa mshazari unapata shimo la mviringo mrefu, na mawe ya angani yangefika kutoka kila upande, mengi kwa mshazari. Mmarekani Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa zama zake, alifanya majaribio ya kurusha vitu kwenye udongo laini akakutana na tatizo hilo. Hata hivyo, kufikia 1893 alitetea kwamba kreta za Mwezi zimetokana na mapigo. Ajabu ni kwamba miaka miwili kabla alikuwa ameikagua kreta ya Arizona, yenye kipenyo cha km 1.2, akaamua kwamba ni mlipuko wa mvuke wa ardhini. Alikuwa sahihi juu ya Mwezi ambao hakuugusa, akakosea juu ya shimo alilosimama kwenye ukingo wake.

Tatizo la duara lilitatuliwa na hesabu ya nguvu. Jiwe la angani hufika kwa kasi ya km 15 hadi 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo halichimbi. Linasimama ghafla ndani ya mwamba na nguvu yake yote inageuka kuwa joto na wimbi la mgandamizo, yaani mlipuko, na mlipuko husukuma pande zote sawasawa. Ernst Öpik wa Estonia aliliona hilo mwaka 1916, na Algernon Gifford wa New Zealand akalifafanua mwaka 1924. Shimo linalopatikana ni kubwa mara 10 hadi 20 kuliko jiwe lililolifanya, na mwelekeo wa jiwe hauna athari kubwa isipokuwa limekuja likikwaruza ardhi.

Bado hiyo ilikuwa hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Kilichoamua ni mawe. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kwamba mchanga-mawe wa kreta ya Arizona una koesaiti, aina ya silika inayotengenezwa na mgandamizo mkubwa kuliko volkano yoyote inavyoweza kutoa karibu na uso wa ardhi. Kuanzia hapo kulikuwa na kipimo: huangalii umbo la shimo, unaangalia mwamba wake umepatwa na nini. Shoemaker alifariki mwaka 1997, na sehemu ya majivu yake ilipelekwa na chombo cha Lunar Prospector kilichogongeshwa Mwezini tarehe 31 Julai 1999.

Kipimo hichohicho ndicho kilicholeta Luizi kwenye orodha ya kreta za mapigo zilizothibitishwa. Iko kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, chini kidogo ya km 500 kutoka Kalemie kwa mstari ulionyooka kuelekea kusini. Ripoti ya Kijerumani ya mwaka 1919 ilikwisha kutaja bonde la nusu duara mahali hapo. Picha za setilaiti zilileta shaka kwamba huenda ni kreta ya pigo, lakini shaka si uthibitisho, kama Ngorongoro inavyotufundisha. Mwaka 2011 Ludovic Ferrière wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Vienna, pamoja na Wakongo Lubala na Kaseti na Gordon Osinski wa Canada, walichapisha walichokikuta baada ya kwenda wenyewe uwandani. Ni kreta ya km 17, yenye ukingo ulionyanyuka na pete mbili ndani yake. Katika mawe ya katikati walikuta alama mbili ambazo volkano haiwezi kuziacha: miamba iliyopasuka kwa umbo la pia, yenye michirizi inayotawanyika kutoka nchani, na chembe za kwatzi zilizokatwa ndani na mistari myembamba sambamba inayoonekana kwa hadubini tu. Mwamba uliopigwa ni mchanga-mawe wa Kundelungu, na kwa kuwa shimo haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mwamba lililochimbwa ndani yake, pigo lilitokea ndani ya miaka milioni 575 hivi iliyopita. Kwa kanuni ya mara 10 hadi 20, jiwe lenyewe lilikuwa na kipenyo cha karibu km 1. Luizi ilikuwa kreta ya kwanza kuthibitishwa Afrika ya kati.

Pete zile za Luizi zina la kutufundisha kuhusu Mwezi. Kreta ndogo ni bakuli tu. Zikizidi ukubwa fulani, kuta haziwezi kujishikilia: zinateremka kwa ngazi, sakafu inainuka, na katikati unachomoza mlima au pete ya vilima. Duniani mageuzi hayo huanza kwenye kipenyo cha km 2 hadi 4. Mwezini, ambako mvutano ni moja ya sita ya wetu, huanza karibu km 15 hadi 20. Kwa hiyo kreta ya ukubwa wa ile yenye pete mbili huko Katanga, huko juu ingekuwa shimo la kawaida tu, au lililoanza kuporomoka kidogo kuta zake. Ili kuona kilele cha katikati Mwezini nenda kwenye kubwa zaidi, kama Tycho yenye km 85 na kina cha zaidi ya km 4, mara tatu ya kina kikubwa cha Ziwa Tanganyika, au Copernicus yenye km 93. Michirizi yao ni vifusi vilivyorushwa mamia ya kilomita. Inang'aa kwa sababu ni mipya kwa hesabu ya Mwezi: Tycho inakadiriwa kuwa na miaka milioni 108 hivi, Copernicus milioni 800. Ya zamani zaidi imekwisha kufifia kwa vumbi la mapigo madogo na upepo wa jua. Juu ya ngazi hii yote yako mabonde yenye pete nyingi, kama Orientale la km 930, na lile kuu kuliko yote, la ncha ya kusini na Aitken, lenye upana wa karibu km 2,500. Hilo lingeimeza Kongo yote, na liko karibu lote upande tusiouona.

Faida kubwa ya kreta ni kwamba zinahesabika. Uwanda uliokaa muda mrefu umepigwa mara nyingi, ule mchanga mara chache, kwa hiyo wingi wa kreta hueleza umri. Peke yake hesabu hiyo inatoa mfuatano tu, si miaka. Miaka ilipatikana kwa kg 382 za mawe na udongo walioleta wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972, ambayo yalipimwa maabara na kulinganishwa na wingi wa kreta za mahali yalipookotwa. Kipimo hicho cha Mwezi kikachukuliwa kutumika kwa Mirihi, kwa Utaridi na kwingineko ambako hakuna aliyeokota jiwe. Mtu anaposoma kwamba uwanda fulani wa Mirihi una miaka bilioni 3, mzizi wa namba hiyo uko Mwezini. Msingi huo ni mwembamba kuliko vitabu vya shule vinavyodokeza. Sampuli za Apollo zilitoka eneo dogo la upande mmoja, na hoja maarufu kwamba karibu miaka bilioni 3.9 iliyopita kulikuwa na mvua ya ghafla ya mapigo huenda imetokana na kuokota vifusi vya bonde moja, Imbrium, mahali tofauti. Ndiyo maana sampuli za Chang'e 6, zilizochotwa upande wa pili Juni 2024, zilingojewa kwa hamu kubwa.

Kupasuka hakuhitaji maneno mengi. Mwezini kuna mabonde yaliyozama kati ya nyufa mbili sambamba, kama Rima Ariadaeus lenye urefu wa karibu km 300 na upana wa km 5. Ziwa Tanganyika limetengenezwa kwa namna hiyohiyo: ardhi imevutwa pande mbili, kipande cha katikati kikashuka. Lakini mpasuko wetu una injini, kwani bara linaendelea kuachana, na tarehe 5 Desemba 2005 Kalemie ilikumbushwa kwa tetemeko la kipimo cha 6.8. Mwezi hauna mabamba yanayotembea. Nyufa zake zilikuja hasa kwa uzito wa zaha mabondeni, na baadaye kwa kusinyaa, kwa kuwa ndani unapoa na ganda linajikunja. Vipimo vya mitetemo vilivyoachwa na Apollo, vilivyofanya kazi hadi 1977, vilinasa mitetemo 28 ya karibu na uso, mikubwa yake ikikaribia 5. Basi haujafa kabisa. Wala mapigo hayajakoma: tarehe 17 Machi 2013 mwanga wa ghafla ulionekana Mwezini, na chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kikakuta hapo kreta mpya ya m 18.

Siku hizi fedha na siasa zinafuata kreta za ncha ya kusini, kwa sababu sakafu za baadhi yake hazijapata jua kwa mamilioni ya miaka na zimehifadhi barafu. Oktoba 2009 Marekani iligongesha roketi tupu ndani ya kreta ya Cabeus na kukuta maji kwenye vifusi. India iliteremsha Chandrayaan-3 karibu na eneo hilo tarehe 23 Agosti 2023. Mashimo yaliyokuwa swali la kijiolojia yamekuwa visima vya kugombewa.

Linabaki swali la kwa nini huku chini tuna alama chache hivyo. Dunia ni shabaha kubwa kuliko Mwezi, na ina mvutano zaidi, kwa hiyo imepigwa mara nyingi kuliko jirani yake. Duniani kote kreta zilizothibitishwa ni kama 200 tu. Mvua, mito, mashapo na mwendo wa mabara vimefuta nyingine. Katika Kongo ongeza msitu unaofunika, na ongeza pia uhaba wa watu wenye nyundo na nauli. Hili la mwisho ndilo linaloweza kurekebishwa. Huko Sankuru, eneo la Wembo-Nyama, mto Unia unazunguka duara lenye upana wa makumi ya kilomita linaloonekana wazi kwenye picha za setilaiti, na mwaka 2010 mwanajiolojia Mwitaliano Giovanni Monegato alipendekeza kwamba ni kreta ya pigo. Likithibitishwa litakuwa na ukubwa wa Luizi mara mbili au zaidi. Picha haitalithibitisha. Wanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi, na wa Kalemie walio jirani na mpasuko mkubwa kuliko wote wa Afrika, wasingoje timu kutoka Vienna mara ya pili: kinachotakiwa ni mawe ya katikati ya duara, hadubini na jicho linalojua mistari ya kwatzi. Mpaka hilo lifanyike, Omeonga, kama duara hilo linavyoitwa, halitaingia kwenye orodha ya kreta zilizothibitishwa.